Mjane kwa Maana ya Kifungu cha Pili

Kazi yangu ni kuandika sheria ambazo sifa zake huwaendea wengine. Mheshimiwa huja na hasira yake, mimi naigawa katika vifungu. Mswada ukifika bungeni husomwa mara tatu, na mara ya kwanza husomwa jina tu, kama mtoto anayeitwa kusalimia wageni kisha akafukuzwa sebuleni. Huenda kwenye kamati, hurudi kujadiliwa kwa jumla, halafu hupitiwa kifungu kwa kifungu. Baada ya hapo ni kura ya mwisho na saini ya Rais. Haya yote nilimweleza jirani yangu wa mtaa wa Naguru juu ya ukuta, kwa kuwa sikuwa na mtu mwingine wa kumweleza.

Nimepanga kando ya nyumba za askari. Yeye alikuwa mke wa askari aliyefariki, naye mwenyewe mtu wa kaskazini. Kila jioni alianua nguo upande wake, nami nikatoka kumwagilia sukuma wiki iliyokwisha kunyeshewa na mvua.

Wakati huo nilikuwa na mswada wa nyumba za watumishi wa umma. Kifungu cha saba kilimpa mjane mwaka mmoja wa kukaa, au gari la kumrudisha kwao na mizigo yake. Mkuu wa kambi, mtu muungwana, alikuwa amekubali kungoja sheria kabla ya kumwambia jirani yangu ahame.

"Wakili," aliniita hivyo ingawa sijawahi kuwa wakili, "hiyo sheria yako, mimi iko ndani ama iko nje?"

"Uko ndani, mama. Mjane ni mjane."

"Soma basi."

Nikamsomea kifungu cha pili, cha tafsiri ya maneno, nikikitoa kwenye Kiingereza. Mjane ni mke wa marehemu mwenye cheti cha ndoa.

Alicheka mpaka shuka likamponyoka. "Cheti? Mzee alileta ng'ombe. Ng'ombe hapana jua kuandika."

Sikulala vizuri. Maana ile nilikuwa nimeinakili kutoka sheria ya zamani, kama tunavyonakili sote. Nina shahada mbili na uvivu unaozitosha zote mbili. Kamati ilikwisha kutoa ripoti yake. Ilibaki siku ya kifungu kwa kifungu, na mwandishi wa mswada haruhusiwi kusema ukumbini. Asubuhi hiyo nikamvizia mheshimiwa mwenye mswada kwenye korido, na kikaratasi mkononi: "au aliyetolewa mahari."

"Si wewe uliyeandika cheti?"

"Ni mimi, mheshimiwa."

"Sasa unabishana na nani?"

"Na mimi mwenyewe."

"Umepata mpinzani dhaifu. Lete."

Kifungu cha tafsiri huachwa mwisho, maana huwezi kueleza maneno kabla ya kujua yapi yamesalia. Nilikaa pembeni mchana kutwa nikitazama viti vikipungua, nikihofia mheshimiwa naye angeponyoka kwenda chai. Hakuponyoka. Alisimama, akasoma kikaratasi changu kana kwamba kilimjia usingizini, na sauti chache zilizobaki zikasema ndiyo. Kura ya mwisho ikapita siku hiyo hiyo. Saini ilikuja baada ya miezi, na miezi yote hiyo niliendelea kumwagilia.

Siku sheria ilipoanza kazi nilifika ukutani kabla hajatoka.

"Uko ndani, mama! Mwaka mzima!"

"Mwaka ya nini?"

"Wa kukaa. Kifungu cha saba."

"Mimi nachukua gari." Alikunja shati taratibu. "Vitanda viwili, kabati, cherehani. Basi ya abiria hapana beba hiyo. Ndiyo maana nilikuwa nangoja."

"Nilidhani unataka kukaa."

"Ni wewe ilitaka mimi ikae," alisema, bila ubaya wowote, kama mtu anayesahihisha herufi. "Asante, Wakili. Umefanya vizuri sana."

Gari lilikuja Jumamosi. Nilizunguka kwa geti kuu, mara yangu ya kwanza kuingia upande wake, nikashika ncha moja ya kamba wakati dereva akifunga godoro. Kifungu kilifanya kazi kama kilivyoandikwa.