Softball ya vyuo vidogo Durban: nani alituweka namba moja?

Wakuu, salaam.

Naanza na swali lililonishinda mwaka ule: kocha mwenye akili timamu anaandikaje kwa mkono wake namba itakayoitoa timu yake mwenyewe?

Haya niliyaona kwa macho yangu. Na humu mnanijua, siamini kitu mpaka nikihesabu.

Nilikuwa nasoma takwimu kwenye chuo kidogo hapa Durban, naandika skoo za timu ya softball ya wasichana. Kwa wasioujua mchezo, fikirieni rede iliyopewa gongo, glovu na refa.

Ligi ilikuwa na timu tisa, nne za juu zinaingia playoffs. Msimu ule mvua ilifuta mechi nyingi, timu hazikulingana michezo, kwa hiyo ranking ikaachiwa makocha. Kila kocha anazipanga timu nane, ya kwake haiandiki. Namba zinajumlishwa, mwenye jumla ndogo anakaa juu.

(Mfumo huo niliupinga tangu siku ya kwanza. Unampa mtu kalamu ammalize mpinzani wake, halafu unategemea nini?)

Nafasi tatu za juu zilikuwa na wenyewe. Ya nne tuligombea sisi na chuo cha Isipingo.

Pitcher wetu (mrusha mpira), Furaha, Mkongomani wa mtaa wa Albert Park, alikuwa anasoma kwa bursary ya michezo. Chuo kilishasema: bila playoffs timu inavunjwa, na bursary inaondoka nayo. Mama yake ana kiti kimoja saluni. Hapakuwa na mpango wa pili.

Mechi ya mwisho tukakutana na hao hao Isipingo. Tatu kwa tatu, inning ya mwisho, yaani zamu ya mwisho ya kupiga, mchezaji wao namba 11 anateleza kuingia home, kituo cha kufungia pointi. Catcher wetu, mdakaji wa pale home, akamgusa na mpira kabla hajafika; kwa sheria hapo katoka. Niliona. Refa alizibwa na mgongo wa catcher, akasema safe, yaani kafika salama, pointi yao.

Nne kwa tatu. Kwisha.

Kocha wetu anabishana. Kocha wao, mzee mmoja wa Kihindi, kasimama hatua mbili tu kutoka pale, kimya. Namba 11 naye kimya, wenzake wamembeba juu.

Tukiwa tunafungasha vifaa, Furaha, ambaye kwa Kikongo chao aliniita yaya, ndugu mkubwa, akaniuliza, "Yaya, hesabu zako zinasema nini?"

"Zinasema msimu umeisha."

"Eish. Basi usizifikishe kwa maman, atakufukuza na chanuo."

Alicheka peke yake.

Jumatatu karatasi zote tisa zikabandikwa, bila majina ya makocha.

Sisi wa nne. Isipingo wa tano.

Tofauti: pointi moja.

Karatasi nyingine zote zilituweka wa nne, wa tano, wa sita. Moja ilituweka wa KWANZA, juu ya mabingwa! Nikajua kocha wetu kamhonga mtu.

Halafu nikakumbuka: kila karatasi inakosa jina moja, la timu ya aliyeiandika. Nikayasoma majina kwenye ile. Nikarudia. Mara ya tatu nikayafuata kwa kidole.

Isipingo haikuwepo.

Wakuu, karatasi ile ilikuwa ya yule mzee. Angetuweka wa tatu tu, playoffs ni zake.

Huko playoffs tulipigwa nane bila, mechi ya kwanza tu. Lakini bursary ilibaki, na Furaha leo ni mwalimu.

Kwa ubishi wangu, miaka yote nilimwona yule mzee mtu wa ajabu na pia mkosefu. Haki yetu aliilipa kwa jasho la wasichana wake. Nani alimruhusu?

Somo langu ni hili: mfumo nilioudharau ndio uliompa mtu nafasi ya kurekebisha ambacho refa hakukiona. Bado ni mfumo mbovu. Ila siku hizi nachelewa kidogo kumshuku mtu.

Ungekuwa wewe ndiye kocha, ungeandika namba ngapi? Wabishi wenzangu, uwanja wenu.

Na kabla hamjamhukumu mzee: mwaka huu nimekutana na mchezaji wake wa zamani pale rank ya taxi, stendi ya Isipingo. Kumbe aliwauliza wasichana wake kwanza, na wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa namba 11.