Magari Kumi na Moja ya Philémon

Kwa wiki tatu, magari kumi na moja yalipita Bukavu bila kupiga honi. Injini zilinguruma kama kawaida kwenye miteremko ya Kadutu, breki zililia, lakini honi hazikusikika. Katika mji ambao dereva hupiga honi akiona kona, akiona mbuzi, akiona rafiki, gari lililonyamaza linamshtua mtu kuliko lori. Wauza ndizi waligeuka wakakuta bampa imefika magotini. Walipogomba, madereva walitoa jibu moja: "Ni Papa Philémon njo alitosha," yaani ndiye aliyezitoa.

Philémon alikuwa na miaka hamsini na saba, na kwa miaka ishirini na minne kazi yake ilikuwa moja: kuhamisha usukani. Magari yanayotoka Japani hufika na usukani upande wa kuume. Kongo magari hupita upande wa kuume wa barabara, na dereva aliyekaa kuume hawezi kuona kinachokuja mbele ya lori mpaka ameshatoa pua nzima ya gari barabarani. Basi Philémon alikata dashibodi, akahamisha nguzo ya usukani, pedali na nyaya, akachomelea, akapaka rangi. Alipomaliza, alimketisha mwenye gari kushoto, yeye akakaa kuume, wakateremka pamoja hadi karibu na ziwa na kurudi. Mkono wa mwenye gari ukienda kutafuta gia kwenye mlango, hapo ndipo Philémon alipocheka.

Alijulikana kwa jambo moja zaidi. Mafundi wengine, kama Honoré wa garaji ya jirani, waliitupa mifuko ya hewa, ile inayofumka gari linapogonga, wakaziba pengo kwa plastiki. Philémon aliihamisha yote miwili. Mfuko wa dereva ulifuata usukani wake upande wa kushoto, na ule wa abiria aliuvusha kuume. Ilikuwa kazi ya siku mbili zaidi, na hakuna mteja aliyeiomba. Aliifanya kwa sababu aliyeunda gari aliweka mifuko miwili, na yeye hakuona kwa nini Mkongo apewe mmoja, au asipewe kabisa.

Habari ililetwa na binti yake, Olive, karani wa ofisi moja huko Ibanda. Alisoma kwamba kampuni iliyounda aina fulani ya gari inayaita magari yake yarudi. Chombo kinachojaza mfuko wa hewa kiliharibika kwa unyevu wa miaka. Siku ya ajali kingeweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa mtu. Olive aliifahamu aina hiyo, kwani baba yake alikuwa amehamisha usukani wa magari kama hayo kumi na moja. Philémon alikuwa na namba za shasi zote daftarini. Olive aliziingiza moja baada ya nyingine kwenye ukurasa wa kampuni. Zote zilijibu neno lile lile: lirudishwe.

"Lirudishwe wapi?" Philémon aliuliza.

"Kwa muuzaji wao wa karibu, Papa."

"Wa karibu na nani?"

Olive aliandika barua. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, la adabu sana. Kampuni ilishukuru kwa kuaminiwa, ikasema usalama wa wateja ndio moyo wa kazi yake, kisha ikaeleza kwamba gari lililobadilishwa muundo haliwezi kuhudumiwa.

"Client yao njo nani sasa?" Philémon alisema. "Mujapani mwenye aliuzaka gari? Ule alishaka kusahau hata rangi yake. Mwenye anakalaka ndani leo, habamujue."

"Lakini Papa, wangenyamaza tu, hatungejua."

"Banasema juu banaogopa tribunal, banaogopa kushitakiwa. Siyo juu ya kutupenda."

Usiku huo huo alianza kupiga simu. Taarifa ilisema mfuko mbovu ni wa kushoto, na katika garaji ya Philémon kushoto ni kwa dereva. Ndiyo kazi iliyomlisha. Aliita magari kumi na moja, akatenganisha betri, akasubiri dakika chache umeme uliobaki uishe, akatoa mfuko katikati ya kila usukani bila kulipisha. Kitufe cha honi kilitoka pamoja nao. Alifunika pengo kwa kipande cha mpira na kuahidi kuleta vitufe vipya, honi ingesubiri. Watu walimsifu. Padre wa parokia alimtaja kwenye mahubiri, bila jina, kama fundi mmoja wa hapa kwetu.

Ilikuwa Jumamosi ya wiki ya tatu Olive alipokuja na picha aliyoichapisha ofisini. Ilikuwa mchoro wa kampuni: gari limeonekana kutoka juu, mahali pa hatari pametiwa rangi nyekundu. Philémon aliuweka juu ya boneti, akainama. Usukani kwenye mchoro ulikuwa kuume. Wekundu ulikuwa kushoto, mbele ya abiria.

Aliutazama kwa muda mrefu. Alijua kila skrubu ya magari hayo. Kushoto kwa Wajapani ni kwa abiria, na ule mfuko wa abiria yeye mwenyewe, kwa mikono yake na kwa uangalifu wote, alikuwa ameuvusha upande wa pili. Alikuwa ametoa mifuko kumi na mmoja mizima na kuiacha kumi na mmoja mibovu, mbele ya kiti ambacho akina mama hukaa na watoto mapajani.

"Papa?" Olive aliita.

"Usiseme kitu kwanza."

Kwa siku tatu Olive hakumwambia mtu, na Philémon naye hakumwambia. Aliyejua ni wao wawili tu. Hakuna aliyeumia. Magari mengi hufa uzee Bukavu bila mifuko yao kufumka hata mara moja. Akiita watu tena, watauliza fundi gani huyu asiyejua kuume na kushoto, na hawatarudi. Ni nani atamwachia mtu huyo usukani? Honoré, aliyetupa mifuko yote jalalani, hakuwa na gari hata moja la kuogopa. Hilo lilimchoma kuliko yote. Uzembe ulikuwa umewaokoa wateja wa Honoré, na bidii yake ndiyo iliyoketi mbele ya watoto wa watu.

Ndipo alipoanza kuifikiria kampuni kwa namna nyingine. Kabla ya siku hizo aliwaona kama ukuta. Sasa aliona chumba, na ndani yake mtu wa umri wake, mwenye karatasi mezani, anayejua jambo ambalo bado halijajulikana nje. Karatasi hiyo ilikaa siku ngapi? Alitaka kumhukumu mtu yule kama mwanzo, lakini yake mwenyewe ilikuwa imekaa tatu. Hata hivyo, wakati yeye na mtu yule walipokuwa wakifikiri, magari yalikuwa yakitembea.

Siku ya nne alimpigia kwanza Maman Valérie, mkuu wa shule ya msingi, aliyempeleka mjukuu wake Gloire shuleni kila asubuhi kwenye kiti cha mbele cha gari lake. Alikuja akasimama katikati ya garaji, mkoba kwapani, akasikiliza hadi mwisho.

"Papa Philémon, mwezi jana ulitosha ya kushoto. Leo unataka ya kuume. Kesho utatosha moteur, injini yenyewe?"

"Nilikosea, Maman."

"Weye! Mwenye kutosha volan kuume na kuiweka kushoto miaka yote hii!"

"Juu ya ile njo nilikosea. Kwangu hapa, kushoto iko chauffeur. Nilisahau kama kwao haiko vile."

Maman Valérie alitazama kiti cha mbele, kile ambacho mjukuu alikuwa amekikalia saa moja iliyopita.

"Na kama ungenyamaza?"

"Wiki tatu zote mutoto alikuwa anakaa mbele yake. Singeweza kunyamaza tena."

"Tosha," alisema. "Weka na klakson, honi yangu ilie. Kisha usinipigie simu tena."

Wengine walikuja mmoja mmoja. Bruno, dereva wa teksi anayepakia abiria wawili mbele, alicheka mpaka akaegemea mlango. "Muzee, nilifikiri ni miye tu njo nasahauka upande!" Kicheko kilienea Kadutu nzima. Wakamwita Papa Kushoto-Kuume, na watoto wakawa wanamwonyesha mikono wakipita. Kufikia Pasaka magari kumi yalikuwa salama na yenye honi, na uani mwa garaji hapakuwa na gari hata moja la kuhamishwa usukani. Yote yalisimama kwa Honoré.

La kumi na moja lilikuwa limeuzwa baada ya kutolewa mfuko wa kwanza. Aliyelinunua aliitwa Léopold, mwenye kinu cha mpunga huko Luberizi, chini bondeni, na simu yake haikupatikana. Philémon alifunga spana zake kwenye gunia, akateremka barabara ya Ngomo juu ya lori la saruji. Alilikuta gari chini ya paa la kinu, kiti cha mbele kimejaa magunia. Alilifanyia kazi adhuhuri nzima mpaka akaushika ule mfuko mkononi, Léopold akisimama nyuma yake.

"Umetoka Bukavu juu ya hiki tu?"

"Juu ya hiki."

"Na nani anakulipa?"

"Hakuna."

Léopold aliufunga mlango wa gari. Kisha akamwonyesha kinu, ambacho mkanda wake ulikuwa umekatika tangu wiki iliyopita na fundi wa hapo hakurudi.

Hiyo ilikuwa mwaka jana. Garaji ya Kadutu imekodishwa kwa muuza mbao. Philémon yuko Luberizi, anatengeneza vinu vya mpunga vinne, na hupanda Bukavu mara moja kwa mwezi kumwona Olive.