Hakusema Waziri

Mtu akiniuliza kama sataranji ya haraka nayo ni sataranji, damu hunichemka. Wajukuu wa ndugu zangu hulibishania jambo hili wakicheka, huku wakipiga kete chapuchapu, na mmoja akishinda anaruka juu kana kwamba ameua chui. Mimi siwezi kucheka. Katika nyumba niliyoolewa, pale Kasongo, swali hilo liliulizwa asubuhi na jioni, na yule ambaye liliulizwa kwa sababu yake alikuwa amekwisha kufa.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Waislamu wa zamani wa mji, watu ambao babu zao walikuja na misafara ya pembe za ndovu. Kete zao zilichongwa kwa mabaki ya pembe hizo, nusu zikapakwa rangi nyeusi. Ubao hawakuwa nao. Walicheza juu ya kitambaa kilichoshonwa viraka vyeusi na vyeupe, nacho kilitandikwa mkekani baada ya sala ya adhuhuri. Baba mkwe alikuwa na taratibu zake. Hakuna aliyesogeza kete kabla mwenzake hajamaliza kahawa iliyokuwa kwenye finjani. Ukimtishia mfalme unasema "shaha", kama wanavyofanya wote, lakini kwao hata ukimtishia waziri ulipaswa kusema "waziri", ili mwenzako asinyang'anywe kete yake kubwa kama mtu aliyeibiwa usingizini. Kushinda kwa kunyamaza kulikuwa ukosefu wa adabu. Mchezo mmoja uliweza kufika magharibi.

Mume wangu alinifundisha chumbani kwetu, mlango umefungwa, maana wanawake hawakucheza barazani. Hata mimi, mwanafunzi wake, aliniambia "waziri" kila mara, tena kwa upole, halafu akangoja nimwokoe. Nilimpenda kwa hilo. Sikujua kwamba ndilo litakalomwangusha.

Wakati wa vita vya Wazungu serikali ilitaka dhahabu, na migodi ya upande wa Kabambare ilitaka watu. Chifu aliamriwa atoe wanaume, naye akaamuru kila nyumba yenye vijana wawili itoe mmoja. Kwetu walikuwa wawili: mume wangu, na mdogo wake ambaye alikuwa hajaoa. Baba mkwe aliambiwa achague. Siku zikapita, hakuchagua. Alisema Mungu atafungua njia, akaendelea kunywa kahawa yake.

Asubuhi moja kamyo, yaani lori, ikasimama mbele ya nyumba. Nyuma yake watu walikuwa wamesimama wamebanana, hata mahali pa kuweka mguu hapakuonekana. Tarishi wa chifu akashuka.

"Mzee, mutoto gani anapanda?"

"Unipe siku ya leo tu," baba mkwe akasema. "Batacheza sataranji. Mwenye kushindwa ndiye atakwenda. Mambo ya nyumba hii tunayakata vile."

Tarishi akacheka sana. Dereva alikuwa amekwisha kufungua injini, inafuka mvuke, akaomba maji ya kisima chetu.

"Basi bacheze sasa, mbiyombiyo," tarishi akasema. "Kamyo ikishakunywa maji, tunakwenda. Kama habajamaliza, nitabeba bote wawili."

Kitambaa kikatandikwa. Nilikuwa nimeshika birika la kahawa, na baba mkwe akanifanyia ishara niliweke chini. Hapo ndipo nilipoogopa. Dereva alikwenda kisimani akarudi, akaenda tena akarudi, na kila alipomimina ndoo, mikono ya ndugu wale ilizidi kwenda mbio. Sijawahi kuona watu wa nyumba ile wakitoka jasho juu ya kitambaa kile. Nikamwona farasi wa shemeji akiruka, akamwelekea waziri wa mume wangu. Nikalingoja neno. Nadhani mume wangu naye alilingoja, maana tangu utotoni masikio yake ndiyo yaliyomlindia waziri, macho yake yalikuwa na kazi nyingine. Neno halikuja. Akasogeza askari wa pembeni, na mdogo wake akamchukua waziri.

Mume wangu akainua uso. Hakuwa na hasira, alishangaa tu. Alimtazama mdogo wake, kisha akamtazama baba yake. Baba mkwe alikuwa akitazama kitambaa. Yaliyobaki hayakuwa na maana, yaliisha kabla ya ndoo ya mwisho.

"Yaya, unisamehe," shemeji akamwambia kaka yake.

Mume wangu alivaa kofia yake akapanda. Hatukuagana vizuri, kwa sababu tarishi alikuwa akipiga bati la kamyo kwa kiganja.

Mvua kubwa za mwaka ule ziliangusha ukuta wa shimo walimokuwa wakichimba. Habari ililetwa na mtu aliyetoroka kazi huko. Alisimama uani, akasema maneno machache, akakataa hata maji. Mwili haukuletwa. Nilikaa eda ya mtu asiye na kaburi ninalolijua.

Katika eda hiyo niliwasikia kila siku kupitia ukutani, baba na mwana.

"Ile haikukuwa sataranji," baba mkwe alisema. "Bila kahawa, bila kusema waziri, ile ni kupigana tu."

"Iko sataranji, baba. Kete ni zile zile, kitambaa ni kile kile. Kilichokosekana ni wakati."

Niliwachukia wote wawili, na sioni haya kusema kwamba mzee nilimchukia zaidi. Kama haikuwa sataranji, kwa nini mume wangu alipanda kamyo? Mzee alikuwa amekaa palepale, desturi ni yake, nyumba ni yake. Angesema neno moja tu, kwamba aliyeivunja desturi ndiye aliyeshindwa. Alilipata neno hilo baada ya mtu kufukiwa, akawa analirudiarudia kama dawa ya kujitibu mwenyewe.

Eda ilipokwisha waliniita barazani, baba mkwe na ndugu zake wawili.

"Mama, nyumba hii ni yako," akaniambia. "Mudogo wa bwana yako atakurithi. Hautateseka."

Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa kwa heshima, lakini kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi.

"Nitacheza naye," nikasema. "Akinishinda, nitakaa. Nikimushinda, ninarudi kwetu Kabambare, na mutu asinifuate."

Wale ndugu wawili wakaguna, mwanamke na sataranji wapi na wapi. Baba mkwe akaenda mwenyewe kukileta kitambaa.

"Kahawa?" akaniuliza.

"Hapana, baba. Tucheze kama siku ile."

Shemeji alicheza upesi, akitabasamu kidogo, kwa kuwa hakujua ni nani aliyenifundisha. Mimi nami sikumpa nafasi ya kupumua. Nikaruka na farasi wangu, nikamwelekeza kwa waziri wake mweusi, nikanyamaza. Niliuma mdomo kulizuia neno lile, maana sikuwahi kufundishwa kucheza bila kulisema. Akasogeza askari. Nikamchukua waziri.

"Shemeji!" akapaza sauti, mkono umeelekea kwenye kitambaa. "Haukusema waziri!"

Nilimwona anayasikia maneno yake mwenyewe, na ule mkono ukabaki hewani. Baba mkwe alikuwa wa kwanza kusimama. Alichukua viatu vyake, akatoka navyo mkononi hadi uani, akasimama kwenye jua bila kuvivaa. Ndugu zake wakamfuata. Mchezo haukumalizwa, wala hakuna aliyetangaza nani ameshinda.

Kesho yake nilifunga vitu vyangu, nikashika njia ya Kabambare, ile ile aliyopitishwa mume wangu, ila mimi nilikwenda kwa miguu. Waziri wao nilikuwa naye bado. Sikumrudisha, na hakuna aliyethubutu kunidai.