Kobe, Kombi na Kicheko cha Mama

Juzi Kobe moja kuukuu, kile kigari cha mgongo wa duara, ilipita karibu na nyumba yangu hapa Kisii, na kabla sijaiona nilikuwa nimeshaweka kikombe mezani. Injini za aina ile zina mlio wao, mkavu, kama mtu anayekoroma chini ya blanketi, na nyuma ya mlio huja harufu ya petroli na oili iliyochemka. Gari lilipanda kilima likapotea. Chai yangu ilipoa nikiwa bado nimesimama dirishani, maana nilikuwa nimerudi Nyanchwa, mtaa tulioishi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa mtoto wa darasa la nne.

Baba yangu alikuwa karani mjini. Kobe yake, nyeupe, aliiosha kila Ijumaa kabla jua halijatua na Sabato kuingia, akiipangusa taratibu kama uso wa mtoto. Rafiki yake mkubwa, Bwana Okoth, alikuwa mfanyabiashara wa samaki kutoka upande wa ziwani, naye alikuwa na Kombi ya kijani, kibasi cha kubebea watu na mizigo. Magari yote mawili yalitoka kwa kampuni moja ya Ujerumani. Yote yalikuwa na injini nyuma, na hakuna lililohitaji maji ya kupoza injini. Ungedhani jambo hilo lingewapatanisha. Wapi!

Kila Jumapili alasiri Bwana Okoth aliegesha Kombi kando ya Kobe na kabla hata ya salamu akaanza.

"Baba Kerubo, bado unaendesha hii kofia?"

"Afadhali kofia kuliko kabati," baba alimjibu.

Hapo moto ulikuwa umewaka. Baba alisema Wajerumani hawajawahi kuunda gari la kuipita Kobe, kwamba kwenye matope ya Kisii inapanda kama mbuzi. Bwana Okoth alisema gari lisiloweza kubeba kwaya nzima na ngoma zake ni kitu cha kuchezea. Kwa kuwa mmoja hakujua Kijaluo na mwingine hakujua Kigusii, waligombana kwa Kiswahili, nami nilijua klachi na kabureta kabla mwalimu hajanifundisha shairi hata moja.

Mwamuzi alikuwa mama. Alikaa kwenye kigoda mlangoni pa jikoni akichambua chinsaga, zile mboga chungu tunazozipenda sisi, na walipochoka walimgeukia.

"Shemeji, hebu amua," Bwana Okoth alimwambia.

"Mnagombania mapacha," mama alisema. "Mimi nataka ile nyingine yao, ile fupi nyekundu niliyoiona ikipita Keroka. Hizo zenu ni za kazi tu."

Kisha alicheka. Mama alikuwa na kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Majirani walikisikia na kucheka pia, bila kujua sababu.

Mwaka ule, mvua za masika zilipokuwa zikiisha, mama alianza kushika tumbo. Kwanza aliacha kwenda sokoni, halafu kigoda kikamshinda. Kitanda chake kilihamishiwa sebuleni, chini ya dirisha, ili apate mwanga. Bibi, mama yake mzazi, alikuja kumuuguza.

Hapo ndipo wale wawili walipozidi. Bwana Okoth hakungoja tena Jumapili. Alikuja karibu kila siku, na ugomvi wao wakauhamishia chini ya dirisha lile lile. Sauti zilipanda. Alasiri moja, mvua ikinyesha, baba alisema Kobe inaweza kupanda kijia cha nyuma ya nyumba kinyumenyume. Aliingia garini, akarudi nyuma kwa mbwembwe, gari likateleza hadi ndani ya migomba ya jirani. Bwana Okoth alikimbia kusukuma, akaanguka kifudifudi. Walirudi wamejaa matope hadi kwenye nyusi, kila mmoja akidai ameshinda.

Ndani, mama alicheka huku amejishika tumbo, machozi yakimtoka. Mimi niliona machozi tu.

Bibi alitoka kwa hasira. "Hamna haya? Mtu anaumwa humu ndani, nyinyi mnapiga kelele za magari!"

Baba alitazama chini. Moyoni nilikubaliana na Bibi.

Kesho yake walikaa kibarazani kimya, kama watu waliofiwa. Baada ya muda mama aliniita kwa sauti ndogo. "Kerubo, mbona kimya leo? Nenda uwaambie nimeamua. Kombi imeshinda."

Nilienda nikawaambia. Baba aliruka. "Imeshinda wapi? Nani amesema?" Alipaza sauti kuelekea dirishani, lakini ilikatika katikati, na niliona macho yake yamelowa. Nilimshangaa sana. Mtu mzima, nilifikiri, analilia gari.

Hatimaye mama alipelekwa hospitalini, akafia huko. Ilibidi tumpeleke nyumbani kwetu, ng'ambo ya Keroka upande wa Nyamira, na jeneza halingeingia kwenye Kobe. Bwana Okoth aling'oa viti vya Kombi akaisugua kwa sabuni kutwa nzima, ila harufu ya samaki haikuisha, na hakuna aliyeitaja. Baba alikaa sakafuni kando ya jeneza, mkono juu ya kifuniko, njia nzima.

Baada ya matanga, Jumapili moja, Bwana Okoth alikuja. Alisimama uani muda mrefu akiishika kofia yake.

"Baba Kerubo," alisema, "nimefikiri. Kobe ndiyo gari."

"Hapana," baba alijibu. "Kombi ndiyo gari."

Bwana Okoth aliketi kwenye ngazi ya mlango akalia kwa sauti, na baba akaingia ndani. Tangu siku hiyo alikuja mara chache, kisha akahamia kwao ziwani. Kobe ilikaa chini ya turubai mpaka majani yakaota kati ya magurudumu.

Miaka mingi baadaye, baba akiwa ameshazikwa, nilimtembelea Bwana Okoth, mzee asiyeona vizuri. Nilimuuliza, kwa mzaha, kama bado anaipenda Kombi.

"Mwanangu, mimi nilikuwa mtu wa samaki," alisema. "Gari nilijulia wapi? Mwanzo tuligombana kweli, kidogo. Lakini mama yako alipougua, baba yako alinifuata sokoni. Akaniambia, 'Okoth, njoo tugombane. Tangu asubuhi hajasema neno wala kucheka.' Kila siku alinifuata hivyo. Mpaka usiku tulikuwa tukitafuta maneno ya kesho."

Nilikuwa nimeishi na baba mpaka nikaolewa, nikampikia, nikamuuguza hadi mwisho, na muda huo wote niliamini kwamba mama yangu alipokuwa akifa, mumewe alikuwa nje akibishana kuhusu magari.