Muhuri Uliobaki

Binti yangu alipozaliwa alilia hadi majirani wa ploti yetu Kisumu wakaanza kunisalimia kwa sauti ya msibani. Kliniki walimpima tumbo, masikio na damu, wasione kitu. Ndipo mama mkwe akaja kutoka Kombewa na kuku mmoja na uso wa mtu anayejua alichofuata. Akampakata mtoto, akaanza kutaja majina ya marehemu wa ukoo moja moja, polepole, kama ilivyo kwetu mtoto akikataa kunyamaza: marehemu anayetaka mtoto apewe jina lake atajitambulisha mwenyewe. Mimi nilikuwa nakunja nepi na kucheka kimoyomoyo. Akafika kwenye jina la shangazi wa mume wangu, na kilio kikakatika katikati, mdomo ukiwa bado wazi. Mtoto akageuza macho kuelekea mlangoni. Nepi zikaniponyoka.

Jina hilo sitaliandika hapa.

Shangazi huyo alikuwa ameachika, akarudi kuishi kwa kaka yake, akafa njiani akienda hija. Kila mwaka kanisa letu hutembea kwa miguu kutoka Kisumu, kupitia Kisian, Kombewa na Bondo, hadi kanisa dogo lililo juu ya kilima kando ya ziwa. Kila hujaji hubeba kadi, na kila parokia anayolala humgongea muhuri. Shangazi alianguka baada ya Bondo, kadi yake ikiwa imebakiza muhuri mmoja tu, ule wa kilimani. Kwa mama mkwe, ambaye alikuwa wifi yake, mambo yalikuwa wazi: amerudi kumaliza safari. Tumpeleke, atatulia, nasi tutalala. Mume wangu, dereva wa lori asiyekaa nyumbani, alisema kwa simu nimsikilize mama yake.

Nilikubali kwa sababu ya usingizi, si kwa imani. Mimi ni mtu wa karatasi. Nina kiduka cha kupiga chapa na kutoa kopi karibu na mahakama, na kazi hiyo imenifunza kwamba kisicho na muhuri hakipo.

Parokia ilitupa kadi zetu bila maneno mengi, ila mtoto mchanga alitakiwa awe na barua ya chifu, maana siku hizi watoto wanaibwa. Mama mkwe akashikilia kwamba kadi ya mtoto na barua yake ziandikwe jina la shangazi, la sivyo mihuri itamwendea mtu mwingine. Kwa chifu, karani alilinganisha ombi langu na cheti cha kuzaliwa, akanirudishia vyote viwili.

“Hii jina haiko kwa cheti, mama,” alisema. “Nikigonga muhuri, nitakuwa nimegongea mtu hayuko.”

Nilitoka pale nimevimba kwa hasira. Mtu hayuko, na ndiye aliyeninyima usingizi tangu nijifungue. Nikarudi dukani nikafanya kile ninachowafanyia kila siku watu ambao jina la shule halilingani na la kitambulisho: nikapiga hati ya kiapo. Maneno yake vidole vyangu vinayajua bila mimi. Kwamba mimi ndimi mama mzazi. Kwamba mwenye jina hili na mwenye jina lile ni mtu mmoja yuleyule. Kwamba niliyoyasema ni kweli tupu. Wakili wa mlango wa pili aliniapisha huku akinywa chai. Alipogonga muhuri wake, mtoto akacheka mgongoni mwangu. Hakuwa amefikia umri wa kucheka. Wakili alifurahi, akamtekenya shavu. Mimi nilihisi baridi pale pale mgongoni alipokuwa amelala. Siku hiyo hiyo karani wa chifu alitoa barua bila swali.

Tukaondoka na wenzetu, akina mama wengi, bendera mbele na ngoma nyuma. Kisian walimgongea muhuri wa kwanza, naye akalala usiku mzima. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema. Kombewa wakagonga wa pili, akalala hadi jua likawa kali, na nilipompa titi alinyonya kidogo kama anayeonja chakula kwa heshima tu. Mama mkwe alitembea kando yangu akizungumza naye chini chini, akimwita wifi, akimkumbusha watu na mashamba ambayo mimi siyajui. Mtoto alikuwa akimtazama bila kupepesa. Wanawake wengine walianza kutuachia nafasi barabarani.

Bondo wakagonga tena. Usiku huo viganja vyake, ambavyo daima alivikunja ngumi, vilifunguka vyenyewe na kubaki wazi juu ya kanga. Vilikuwa vya baridi. Aliniangalia kama mgeni aliyekwisha kula, akashukuru, sasa anatafuta namna ya kuaga. Hapo akili iliniingia. Nilivisugua viganja vyake, visipate joto.

Mama mkwe aliona namtazama mtoto. “Amefurahi,” akasema. “Anakaribia kufika.”

“Akifika, halafu?”

Mama mkwe alianza kumfunika miguu, ingawa ilikuwa imefunikwa tayari, na nikajua kwamba swali hilo lilikuwa limemfikia kabla yangu. Sijui kama alikuwa amelikubali jibu lake. Sijawahi kumuuliza.

Kilimani katekista alikuwa amekaa kwenye meza ndogo nje ya kanisa, ziwa likiwa limetanda chini yake bila wimbi. Alisoma jina kwenye kadi kwa sauti. Mtoto, ambaye tangu asubuhi hakuwa amenyonya wala kukojoa, alifumba macho polepole. Katekista akapuliza muhuri, akauinua. Nikaivuta kadi. Muhuri uligonga meza tupu.

Mtoto akapiga ukelele uliowageuza watu wote. Alilia akipiga mateke, akinikwaruza shingo, uso mwekundu kwa ghadhabu. Nikageuka nikateremka kilima naye kifuani, bila baraka, na njia nzima nilikuwa namwambia, “Lia, mama. Lia tu.” Alilia hadi Kisumu. Alilia karibu mwaka mzima, nami niliamka kila mara kama mtu aliyeitwa kupokea mshahara.

Sasa yuko darasa la pili. Ana afya, ni mkaidi, anapenda omena, dagaa wa ziwa letu. Kadi sijaichoma, nani angethubutu? Wala hakuna aliyewahi kumwambia habari za safari ile, mama mkwe aliniapia hivyo. Lakini mwaka huu mahujaji walipopita na ngoma zao, aliacha kuchora, akasimama kwenye mlango wa duka akiwatazama mpaka wa mwisho. Kisha akaniuliza tulibakiza wapi.

Nikamwambia hatukubakiza popote. Nikajifanya napanga karatasi.

Akaja akanishika kiganja, akakipapasa kama mtu mzima anavyombembeleza mtoto.

“Usiogope, mama,” akasema. “Mimi sina haraka.”