Kadi Niliyodai Kuijaribu

Nisiwafiche, bado naona haya. Mimi hujitolea kukagua marekebisho ya programu huria, zile ambazo yeyote anaweza kuzirekebisha, zinazoendesha kadi za kuunganisha kompyuta na mtandao. Juzi, nikiwa nyumbani Uthiru, nilisoma rekebisho dogo la dada mmoja aitwaye Mutheu: kadi ya aina fulani mpya ikikataa kuwaka, programu iachilie kumbukumbu ya kompyuta iliyokuwa imeshika. Lilikuwa sawa kabisa. Ningeandika tu, "Nimelisoma." Lakini nilitaka kuonekana fundi, nikaandika mbele ya wote, "Nimelijaribu kwenye kadi yangu, linafanya kazi."

Bosi wangu, Kilonzo, aliona akafurahi, akamwalika Mutheu ofisini kwetu mjini. Alikuja jana, mpole, tukaketi kunywa chai.

"Asante kwa kunijaribia," akaniambia. "Kadi uliipata wapi?"

"Hapa hapa tu mjini," nikasema, nikikoroga chai isiyo na sukari.

"Aki nashangaa. Hiyo kadi haijaanza kuuzwa. Kenya nzima iko moja tu ya majaribio." Akafungua mkoba, akaiweka mezani. "Ni hii."

Kilonzo akaiangalia kadi, kisha akaniangalia mimi.

"Basi leta na yako tuone," akasema polepole.