Salamu ya Kuingilia Tunel

Ile siku mutoto wangu Furaha, wa miaka tano, alirudia nyumbani na matope mpaka mu masikio, anacheka: "Mama, niliingia mu tunel. Nilitaja jina kwanza, sawa vile weye unafanyaka."

Pale njo uvumilivu wangu uliisha.

Mimi si muzee, lakini nilikuwa nimeisha kufanya miaka sita kazi ya kusafisha njia za maji chini ya Bunia, na niliipenda. Siku ya kwanza shefu wa ekipe, baba wa tumbo na kicheko, alinipa beleshi na buti za mwanaume, akanipeleka nyuma ya soko, fasi tunel inafungukia. Ni ya wakati wa Babeleji, bazungu ba koloni. Bazee baliichimba kwa kupigwa fimbo, na wenye balikufa ndani, banasema, balifukiwa palepale. Kwa hiyo mbele ya kushuka unapaza jina lako. Ukitoka unalitaja tena, mizimu isikuhesabie kwao. Muwenzetu mumoja alisahau kutaja akitoka. Juma nzima tulimuita marehemu, na chakula yake tulikula siye.

Hiyo yote nilimusimulia Furaha ili aogope. Kosa langu njo hiyo: yeye aliwaza kama ukiisha kusalimia, hakuna kitu itakupata.

Lakini mulango wa tunel ulikuwa wazi. Chuma ya kuufunga ilibebwa na maji ya mvua, na mara tatu nilikuwa nimemuomba shefu atie ingine. Kila mara jibu moja: "Mama Furaha, ile fasi inalindwa na mizimu. Nani atathubutu?"

Ile siku ya matope alirudilia ileile, nikamujibu: "Batoto, shefu."

Alicheka mpaka akajifuta machozi. Na mimi nilicheka, miaka yote. Safari hii sikucheka.

Kesho yake niliacha beleshi nyumbani, nikaenda mu biro, ofisi ya mukubwa wake. Sekretere alisema malalamiko inaandikwa kwa Kifaransa. Nilimuambia nitaandika kwa luga ya ule mwenye ataanguka. Alinipa karatasi, na nilipomaliza akapiga kashe, muhuri ya ofisi. Niliandika hivi:

"Bwana Mukubwa, tunel ya nyuma ya soko iko wazi. Mutoto wangu aliingia, akatoka. Wa mwengine anaweza kubaki. Ninaomba chuma mbele ya mvua ya kesho. Shefu wetu anasema mizimu inalinda. Basi mpaka chuma ifike, muamuru shefu akae pale mulangoni, asubui mpaka magaribi, asaidie mizimu kulinda."